Nusu Kilo ya Unga kwa Ajili ya Watoto

Ninaishi Bethlehem, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, mji ulioanzishwa na Wamoravian mwaka 1741, miaka 150 kabla ya wamisionari wa kanisa hilohilo kupanda milima ya Rungwe, kusini-magharibi mwa Tanzania, na kujenga kituo chao kwetu mwaka 1891. Kwa hiyo Desemba ikifika, mtu aliyezaliwa Tukuyu kama mimi hukuta hapa mambo mengi anayoyafahamu: tarumbeta, nyimbo, mishumaa ya mkesha. Kilichokuwa kigeni kabisa kwangu ni biskuti, na hasa zile tamu za siagi zinazokatwa kwa umbo la nyota, zikachomekwa kijiti, zikaokwa, kisha zikapambwa kwa rangi na watoto wenyewe. Wenyeji wa Nazareth, mji jirani, husimulia kwamba biskuti za namna hii zilianzia kwa Wamoravian wao katika karne ya 18, nao hujivunia jambo hilo.

Nataka kueleza kwa nini naamini kwamba kazi hii, ambayo wengi nyumbani wangeiita kuchezea unga, inafaa ifanywe na sisi wazazi wa kwetu pia, walau mara moja kwa mwaka, na kwa nini naona kwamba wenzetu wa huku nao wanaiachia njiani.

Mama yangu alikaanga maandazi ya kuuza. Unga wa ngano ulipimwa kwa kikombe, na kila donge lilikuwa limekwisha kupangiwa bei kabla halijakatwa. Dada zangu walikanda na kukoka moto. Mimi, kwa kuwa ni mvulana, nilitumwa kuleta mkaa na kuambiwa nitoke. Sikumlaumu wakati ule na simlaumu sasa, maana unga ule ndio ulioninunulia madaftari. Keki ilipikwa Krismasi tu, katika sufuria iliyowekewa makaa chini na juu ya mfuniko, nasi watoto tulikaa barazani, mvua ya Tukuyu ikinyesha bila kukoma, tukiisubiri harufu. Nilikuwa na umri wa miaka 34 nilipotia mikono yangu katika unga kwa mara ya kwanza, na aliyenifundisha ni bibi mmoja wa kanisani kwetu hapa, aliyemwalika binti yangu nyumbani kwake kisha akanivalisha na mimi aproni.

Siagi gramu 225 hupigwa pamoja na sukari gramu 200 mpaka mchanganyiko uwe mweupe na laini, huongezwa yai moja na vanila kidogo, halafu unga wa ngano vikombe vitatu. Bibi yule hakutia kitu chochote cha kuumua, kwa sababu biskuti ikiumuka nyota hupoteza ncha zake. Donge hulazwa kwenye friji saa nzima, kwani siagi ikilegea umbo huharibika na kijiti hakishiki. Lakini jambo kubwa kuliko yote ni unene. Nilipojaribu nyumbani kwangu nilisukuma unga mwembamba kama wa chapati, nikaona nimefanya kazi nzuri. Biskuti zilipotoka kwenye oveni binti yangu alinyanyua kijiti, na nyota ikabaki kwenye trei. Alilia sana. Siku hizi tunaacha unene wa karibu sentimita moja, tunakiingiza kijiti cha karatasi ngumu taratibu kwa kukizungusha mpaka kifike katikati ya nyota, na kiganja cha mkono wa pili huilalia biskuti kwa juu ili kijiti kisitoboe na kutokeza. Zikikaa dakika 12 hivi katika oveni yenye nyuzi 180, hutolewa, wala haziguswi mpaka zipoe kabisa.

Mwanangu wa kiume, ambaye ana miaka mitano, alipoachiwa kijiti chake cha kwanza alibana ulimi kwenye pembe ya mdomo kama fundi anayetunga uzi kwenye sindano, akasukuma, akahisi ncha ya kijiti ikipita chini ya kiganja chake, kisha akanitazama bila kusema neno. Umri ule ule mimi nilikuwa nimesimama nje na ndoo ya mkaa.

Hilo ndilo ninaloliheshimu kwa watu wa huku. Mzazi hutenga Jumamosi nzima, huweka mezani chakula ambacho si cha kuuza wala cha kushibisha, humwacha mtoto akosee, na hakuna anayemkaripia kwa kupaka nyota rangi ya zambarau.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi nilizoalikwa nimekuta donge limenunuliwa dukani likiwa tayari, na sukari ya kupambia imeshakorogwa na kutiwa kwenye mifuko. Mtoto huketi, hupamba, hupigwa picha, huondoka, na mama hubaki na trei zenye mafuta. Naona mtoto huyo amepewa utamu wa kazi na kunyimwa kazi yenyewe, na hapo ndipo jiko la mama yangu linapolishinda jiko la huku. Kwangu watoto huchekecha unga, hupiga siagi mpaka mikono iume, na anayepamba ndiye anayeosha vyombo, hata kama maji yatamwagika sakafuni.

Kuna pia suala la kijiti. Biskuti yenye kijiti huwa ya mtu mmoja. Huku huvishwa mfuko wa plastiki na kuandikwa jina la mtoto atakayepewa. Mimi nimezoea kuona chakula cha sikukuu kikipelekwa kwa jirani kwenye sahani iliyofunikwa, na sahani hiyo hairudi tupu. Tumeamua kuzisimamisha nyota zetu kwenye kopo lililojazwa mchele, na watoto hulipitisha mlango kwa mlango katika jengo letu ili kila jirani achomoe yake. Mwaka jana mzee wa ghorofa ya chini, anayeishi peke yake, aliomba aachiwe kopo mpaka kesho yake, akalirudisha na machungwa matatu juu ya mchele.

Mama alipoona picha alinipigia simu. “Baba, unga wote huo wa kuchezea?” Nilimweleza kwa adabu, na tulizungumza kwa muda mrefu kuhusu bei ya siagi, ambayo kwa wengi nyumbani ni kikwazo cha kweli, nikamwambia kwamba majarini inafaa, na sufuria yake ya makaa juu na chini inaoka biskuti vizuri kabisa. Mwezi huu amesema atatenga nusu kilo kwa ajili ya wajukuu walio Tukuyu, wavulana kwa wasichana. Alichouliza ni vijiti atavitoa wapi, nami nimemwambia atumie vya mishikaki, avikate ncha, na aviloweke kwenye maji kwanza visije vikaungua.