Juan Garrido alijua anachokifanya

Mwaka 1538 Juan Garrido, mtu mweusi mzaliwa wa Afrika, alimwandikia mfalme wa Hispania kudai kifuta jasho cha miaka thelathini ya utumishi. Alibatizwa Lisbon, anasema, kwa hiari yake. Akavuka bahari, akawa na mvamizi Mhispania Ponce de León huko Puerto Rico, kisha na Hernán Cortés, aliyeongoza uvamizi wa Meksiko, wakati Tenochtitlan, mji mkuu wa Waazteki, ulipoanguka mwaka 1521. Wapo wenzake waliogawiwa vijiji vizima vya wenyeji. Yeye aliambulia ubawabu wa baraza la jiji.

Wapo wanaomlaumu kwa kushiriki uvamizi huo. Wanaomtetea wanauliza: Mwafrika wa karne ile angechagua nini? Aliyeshika upanga alau hakufungwa mnyororo. Swali ni la haki, na dhuluma aliyotendewa ni ya kweli.

Wanaomlaumu, hata hivyo, husikilizwa nusunusu, kana kwamba wana kinyongo na mtu mweusi aliyefanikiwa. Mimi naona wao ndio wanaompa heshima ya mtu mzima. Chukua habari ya ngano. Mwandishi López de Gómara anasimulia kwamba mtu mweusi wa Cortés, ambaye Gómara anadhani aliitwa Garrido, alipanda punje tatu alizozikuta kwenye gunia la mchele. Mbili zikaota, na moja ikazaa punje 180. Watu huishia hapo, wakistaajabu. Mia na themanini kutoka punje moja! Ila kwa Gómara huyo ni mtu wa Cortés tu, wakati Garrido mwenyewe anadai katika ombi lake kwamba wazo la kupanda ngano lilikuwa lake, na gharama zake. Basi tumwamini. Wenyeji walikuwa na mahindi yao. Mkate wa ngano walioutaka ni Wahispania, na baadaye wenyeji walilazimishwa kwenda kulima mashamba ya ngano ya wageni, kama kule bonde la Atlixco, Meksiko. Garrido hakuyapanga hayo, lakini huwezi kumpa sifa ya punje ukamvua shamba.

Tena aliwahi kutafuta dhahabu kwa mikono ya watumwa wake. Hapo hoja ya kukosa uchaguzi inapwaya. Na kanisa dogo alilojenga kando ya njia ya Tacuba lilikuwa la kuwakumbuka Wahispania waliouawa wakikimbia Tenochtitlan mwaka 1520. Wenyeji waliokufa kwa maelfu mwaka uliofuata, akiwa upande wa waliowaua, hakuwajengea kitu.