Jiwe lililoinuka upande mmoja

Mwishoni mwa Julai 2023 kijivideo kimoja kilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Kipande cheusi kama mkaa, kidogo kama ukucha, kimewekwa juu ya sumaku. Upande mmoja umeinuka hewani, wa pili bado umegusa chini. Maelezo yalisema Wakorea wamepata supakondakta ya joto la kawaida. Mjomba wangu, fundi umeme tangu ujana wake, akaandika: "Basi waya wa shaba utauzwa kwa bei ya chuma chakavu."

Supakondakta (si konda wa daladala) ni kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani hata chembe. Zipo tangu zamani, lakini zinataka baridi kali, nyuzi zaidi ya 100 chini ya sifuri. Ndiyo maana mashine za MRI hospitalini, za kupiga picha ndani ya mwili, ambazo zina supakondakta ndani yake, hupozwa kwa heliamu ya kimiminika. Kipande hicho, LK-99, kilidaiwa kufanya kazi mpaka nyuzi 127 za Selsiasi, hapo mezani tu. Kama ni kweli, mjomba hakutia chumvi.

Wenye shaka walikuja na hoja yao ya siku zote: makala imepakiwa tu mtandaoni Julai 22, haijapitiwa na wataalamu wengine, tungoje jarida. Hoja hiyo naiheshimu, ila ina tundu. Oktoba 2020 jarida la Nature, ambalo wanasayansi wengi wanaota kuandika humo, lilichapisha dai la Ranga Dias wa Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, la supakondakta ya nyuzi 15. Makala ilipitiwa na kupigiwa makofi. Jarida lilikuja kuifuta Septemba 2022. Machi 2023 likamchapisha tena na dai jingine la aina hiyohiyo, na Novemba likalifuta nalo. LK-99, isiyo na jarida wala mhuri, ilimalizwa chini ya mwezi mmoja.

Tofauti naiona kwenye mapishi. Dai la Dias la 2020 lilihitaji chembe ibanwe kati ya almasi mbili kwa mgandamizo unaozidi mara milioni mbili ule wa hewa tunayovuta. Wangapi wana jiko la namna hiyo? LK-99 ilikuwa madini ya risasi, shaba, fosforasi na salfa: saga, changanya, funga kwenye mrija usio na hewa, choma kwa nyuzi 925. Maabara za Beijing, New Delhi na kwingineko zikawasha matanuri. Kila aliyepika alichungulia chungu cha mwenzake, na jibu likaanza kutoka.

Salfa ndiyo iliyowaponza. Ikikutana na shaba, huacha masalia ya salfaidi ya shaba, na kitu hicho hubadili umbo lake la ndani kikifika kama nyuzi 104, ukinzani wake ukabadilika ghafla. Mchoro wa ukinzani waliouonyesha Wakorea ulishuka kwenye joto hilohilo. Taasisi ya Max Planck iliyoko Stuttgart, Ujerumani, ikatengeneza fuwele safi zisizo na uchafu huo. Zikawa kihami, hazipitishi umeme kabisa. Na ule upande ulioinuka? Usumaku wa kawaida kwenye kipande kisicho sawasawa. Supakondakta halisi ukiiweka juu ya sumaku hujishikilia hewani, wala haitegemei ncha moja kama mzee na mkongojo.

Kwa hiyo wenye shaka walishinda? Walipatia jibu, ndiyo. Njia yao ndiyo nina mgogoro nayo. Aliyesema "haiwezekani, nyie mnadanganywa" bila kugusa mchoro hakufanya kazi ngumu kuliko aliyeshangilia. Na angekuwapo mwaka 1986 angeaibika. Mwaka huo Georg Bednorz na Alex Müller, wa maabara ya IBM karibu na Zurich, Uswisi, walidai umeme unapita bila ukinzani kwenye kauri, jamii ya vitu ambavyo kwa kawaida tunavitumia kuzuia umeme. Lilisikika kama kichekesho. Kabla mwaka haujaisha maabara ya Tokyo ilithibitisha, na Machi 1987 wanafizikia karibu 2,000 walibanana kwenye hoteli moja ya New York wakisikiliza matokeo mpaka usiku wa manane umepita. Nobeli ilitoka mwaka uleule.

Kichwa cha makala ya Bednorz na Müller kilianza na neno la tahadhari: huenda. Cha Wakorea kilitangaza supakondakta ya kwanza. Sitaki kuifanya hiyo kuwa kanuni, kwa sababu waongo nao wanajua kuandika "huenda", lakini macho yangu siku hizi hukimbilia huko kwanza.

Kipimo cha mapishi, yaani wengine kupika wenyewe na kuona, nacho kina mipaka. Mawimbi ya mvutano yaliyonaswa Septemba 2015 hakuna jirani aliyeweza kuyarudia jikoni kwake. LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi hayo, ndio wenye chombo. Kilichonituliza ni kwamba vyombo vilikuwa viwili, kwenye majimbo ya Louisiana na Washington, kilomita kama 3,000 kati yao, na vyote viliona mtikisiko uleule.

Agosti nilimtumia mjomba habari ya Stuttgart. Hakubishana. Akauliza: "Na ile ya kweli, ya kauri, waya wake unauzwa duka gani?" Nikalazimika kusoma. Magazeti ya 1987 yaliahidi treni zinazoelea na umeme usiopotea njiani. Lakini kauri ni kauri: ukiikunja inavunjika. Leo inatengenezwa kama utepe mwembamba wa bei mbaya, kwa matumizi machache, na bado inataka kupozwa. Nikamjibu, "Kariakoo haipo, mjomba." Akatuma picha ya roli ya waya wa shaba aliyoinunua asubuhi ile, na bei yake.