Afya ya mimea: fedha ziende maabara au shambani?

Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya, baada ya shehena kukutwa na nzi wa matunda mara kwa mara. Biashara ilirejea 2021, tena kwa masharti: matunda yatoke maeneo yaliyopunguziwa nzi, kama sehemu za Makueni, na yapitishwe kwenye maji ya moto. Nzi huyo, Bactrocera dorsalis, alikuwa ameshagunduliwa nchini tangu 2003.

Wanaotaka fedha ziende kwanza kwenye maabara na vituo vya mpakani wana hoja nzito. Mnunuzi wa nje halioni shamba, anaona cheti cha afya ya mimea, na cheti kisichoaminika hufunga soko zima. Masharti nayo yanakazwa: tangu Aprili 2025 hata waridi linaloingia Umoja wa Ulaya linabanwa kwa ajili ya nondo Thaumatotibia leucotreta, ambaye viwavi wake hutoboa matunda na maua. Isitoshe, ukaguzi wa mazao yanayouzwa nje hulipiwa ada, kwa hiyo una fedha zake. Tanzania ilipotunga Sheria ya Afya ya Mimea mwaka 2020 na kuunda mamlaka moja ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA, angalau ilimaliza hali ya karantini ya mimea kuwa ofisi hii na viuatilifu ofisi ile.

Shida ni kwamba mashine mara nyingi huja na mradi. Mradi ukiisha, vitendanishi (kemikali za kupimia) vinavyopaswa kukaa nyuzi 20 chini ya sifuri huharibika umeme ukikatika, mkataba wa matengenezo haupo, na mtaalamu aliyefundishwa amepata kazi kwingine. Hata ikiwa nzima, maabara haijui lolote mpaka sampuli iletwe.

Na sampuli nyingi huharibikia njiani. Jani likifungwa kwenye mfuko wa plastiki na kuachwa juani, linafika limeoza. Lifungwe kwenye gazeti. Kiwavi atumbukizwe kwanza kwenye maji yanayochemka, kisha ahifadhiwe kwenye spiriti ya asilimia 70 hadi 80, la sivyo anakuwa mweusi na hatambuliki. Lebo iandikwe kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka kwenye spiriti, na sampuli isiyo na mahali ilikotoka haina kazi. Mtego wa nzi nao hudanganya: methyl eugenol, kivutio kinachowekwa ndani yake, huvuta madume tu, na ikiwekwa kwenye pamba huisha nguvu baada ya wiki chache. Asipobadilisha mtu, fomu itaendelea kujazwa sifuri.

Idadi ya mimea inayokaguliwa ina uzito uleule. Ili uwe na uhakika wa asilimia 95 wa kukuta ugonjwa ulioshika mmea mmoja kati ya 100, unahitaji kukagua takriban mimea 300 iliyochaguliwa bila upendeleo. Afisa akikagua 20 na kuandika "hakuna", uwezekano wa kuukosa ugonjwa huo unazidi asilimia 80. Simlaumu, kwa sababu mara nyingi pikipiki haina mafuta.

Mahindi ya Bomet, Kenya, yalipougua mwaka 2011, virusi viwili vilikuwa vimekutana kwenye mmea mmoja, na kufikia 2012 ugonjwa ulikuwa umeshaingia Tanzania. Hindi la mkulima mdogo halilipiwi ada ya cheti, kwa hiyo katika mfumo unaoishi kwa ada halina wa kulifuatilia. Pingili za muhogo wenye ugonjwa wa michirizi ya kahawia huvuka kwa bodaboda kwenye njia za panya, mbali na kaunta ya mkaguzi.

Kwa maoni yangu, maabara chache zinazofanya kazi zinatosha kuanzia, na sehemu ya ada za mauzo ya nje itengwe kisheria kwa ufuatiliaji wa mashambani. Wauza maua watauliza kwa nini walipie shamba la jirani. Nondo anayewafungia soko huzaliana pia kwenye pilipili, mapera, mbarika na hata mahindi yanayozunguka mabanda yao. Mtego uliowekwa kwa jirani unalinda waridi lao. Kwa muhogo hoja hiyo haifiki, kwa kuwa hakuna msafirishaji wa kubeba gharama. Hapo ni bajeti ya serikali, yenye kifungu cha kila mwaka cha mafuta, vivutio na spiriti, ambacho hakikatwi katikati ya mwaka.