Calgary walimtoa Brett Hull, na hawakukosea

Machi 1988, katika NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Amerika Kaskazini, Calgary Flames walimpeleka klabu ya St. Louis kijana wa miaka 23, Brett Hull, ambaye msimu huo alikuwa ameshafunga mabao 26 katika mechi 52. Steve Bozek aliondoka pamoja naye. Waliokuja ni beki Rob Ramage na kipa Rick Wamsley, watu waliokwisha kukomaa. Hull akaenda kufunga mabao 86 katika msimu mmoja tu, 1990-91, na hadi anastaafu alikuwa na 741. Ukihesabu mabao, Calgary walipigwa vibaya. Lakini Mei 1989 walibeba Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi, tena ndani ya uwanja wa Montreal mbele ya mashabiki wa Montreal. Beki wao Gary Suter alikuwa ameumia taya mapema kwenye mtoano, na Ramage ndiye mmoja wa walioziba pengo. Hadi leo Calgary hawana kombe jingine.

Kila mwaka, siku ya mwisho ya kubadilishana wachezaji inapokaribia kwenye NHL, ubishi huu hurudi: umtoe kijana ili upate mchezaji aliyekomaa, au umtunze? Huko klabu hazinunuliani wachezaji kwa fedha kama kwenye soka. Unalipa kwa mchezaji, au kwa nafasi yako ya kuteua kijana Juni, klabu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, raundi kwa raundi. Kwa hiyo timu inayowania kombe ikitaka mtu wa leo, lazima itoe mtu wa kesho.

Wanaokataa kutoa vijana wana hoja nzito kuliko wanavyodhaniwa. Tangu 2005 ligi ina ukomo wa jumla ya mishahara ya kila timu, na mkataba wa kwanza wa kijana, kwa kawaida wa miaka mitatu, una kiwango ambacho hauwezi kukivuka. Kijana mzuri wa bei hiyo ndiye anayekuachia nafasi ya kuwalipa mastaa. Ukimtoa, umepoteza kipaji na unafuu kwa pamoja. Halafu mtoano wenyewe hauaminiki. Boston walimaliza msimu wa 2022-23 na ushindi 65 na pointi 135, rekodi ya ligi. Walikuwa wameongeza watu kabla ya siku ya mwisho. Florida wakawatoa raundi ya kwanza, baada ya Boston kuongoza kwa mechi tatu dhidi ya moja katika raundi ya mechi saba.

Washington nao wana kidonda chao. Aprili 2013 walimpeleka Nashville kijana Filip Forsberg, waliyemteua wa 11 mwaka mmoja tu uliotangulia, wakapewa Martin Erat na Michael Latta. Erat hakupata nafasi ya maana kwenye safu, akaomba kuondoka, na kufikia Machi 2014 alishakwenda. Forsberg amepita mabao 300 na ndiye mfungaji bora katika historia ya Nashville.

Hata hivyo, mimi niko upande wa kutoa. Sababu yangu ni Artturi Lehkonen. Colorado walimchukua kutoka Montreal Machi 2022 kwa kumtoa beki kijana Justin Barron na nafasi ya kuteua ya raundi ya pili. Hakuwa staa. Juni 6, mjini Edmonton, ubao ukisoma 5-5, muda wa nyongeza haujafika hata dakika mbili, Cale Makar alipiga kutoka mbali. Lehkonen alikuwa amesimama mbele ya kipa, pale ambapo mtu hupigwa magongo mgongoni. Akaigusa paki, kile kisahani kigumu kinachochezewa, ikiwa hewani, kipa akaitema, akaifuata na kuisukuma wavuni. Waamuzi wakarudia video kuangalia kama gongo lilikuwa juu mno. Bao likasimama, Colorado wakaenda fainali. Siku 20 baadaye alifunga bao la ubingwa dhidi ya Tampa Bay.

Tampa Bay hao wenyewe wamewahi kupatia na kukosea. Februari 2020 walitoa nafasi za kuteua za raundi ya kwanza kwa ajili ya Blake Coleman na Barclay Goodrow, wachapakazi wa safu ya tatu, kila mmoja akiwa na mwaka mwingine kwenye mkataba wa bei ndogo. Wakabeba kombe 2020 na 2021. Mwaka 2023 wakataka kurudia mchezo uleule kwa Tanner Jeannot: beki kijana na nafasi tano za uteuzi kwa mtu aliyekuwa na mabao matano msimu huo. Walitoka raundi ya kwanza ya mtoano, na mwaka uliofuata pia, kisha wakampeleka Los Angeles.

Kwa hiyo kabla ya kumlilia kijana, mimi huangalia anayekuja atacheza wapi. Coleman na Lehkonen walikuwa na kazi inayowasubiri. Erat hakuwa nayo, na hilo lingekuwa kosa hata kama Forsberg asingefunga bao maishani.

Kisha huangalia umri wa mastaa, na hapo ndipo Edmonton wananiumiza roho. Wamepoteza fainali mbili mfululizo, 2024 na 2025, zote kwa Florida, na mkataba mpya wa staa wao Connor McDavid unaishia 2028. Kijana wa miaka 18 wanayemtunza leo ataiva wakati McDavid huenda amevaa jezi nyingine. Wakimpata mtu wa kuziba pengo lao, wamtoe.