Semina za maafa mtaani: tunajifunza kujiokoa au tunasaini posho?

Kila vuli ikikaribia na watu wa hali ya hewa, TMA, wakitangaza mvua za juu ya wastani, semina zinaanza. Unaitwa ukumbi wa kata, kuna bango lina nembo nne za wafadhili, unasaini mara mbili, asubuhi mahudhurio na jioni posho, katikati hapo chai na sambusa na mtu anachora duara la maafa kwenye flipchati, kuzuia, kujiandaa, kukabili, kurejesha hali. Nimekaa kwenye hizo semina, sijasimuliwa. Na zikiisha tu ubishi wa kijiweni ni uleule, huyu anasema ulaji mtupu, yule anasema bila elimu tutaendelea kuzikana. Me naona kila upande umeshika maafa yake kichwani, ndo maana hawaelewani.

Wa ulaji tuwasikilize vizuri kwanza, maana hoja yao siyo posho tu. Mtu wa Jangwani au Kigogo bondeni unamfundisha nini kuhusu mafuriko? Maji ya Desemba 2011 yaliyoua watu zaidi ya 40 Dar aliyaona, anajua yakifika tofali la ngapi ndo unapandisha godoro juu ya kabati, anajua jirani gani ana mgonjwa wa kubebwa. Ramani Huria, ule mradi wa kuchora ramani za mitaa, walivyoanza na mabondeni 2015, wale wanafunzi wa Chuo cha Ardhi na UDSM ilibidi wapite kwa wenyeji kuwauliza maji huwa yanaishia wapi. Yaani mwalimu ni mkazi, mwanafunzi ni mwenye ramani. Halafu leo unamleta yuleyule mkazi ukumbini unamwambia "mafuriko ni hatari", si kumchosha tu huko?

Na baada ya 2011 watu walipewa viwanja Mabwepande. Kuna waliokwenda wakajenga, kuna waliorudi bondeni, tukawatukana sana, wabishi, hawasikii. Lakini mtu anabeba mizigo Kariakoo, anatoka saa kumi alfajiri, huko Mabwepande nauli ya kwenda na kurudi inakula nusu ya anachopata. Huyo hakukosa elimu. Kwa watu kama hao, hela ya kuhama ina maana kuliko semina 50, na ndo maana mradi wa Bonde la Msimbazi, bonde hilohilo la Jangwani na Kigogo, wenye mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 200, pamoja na malalamiko yote ya fidia ndogo, umeshahamisha watu wengi kuliko flipchati yoyote ninayoijua.

Hapo wa ulaji wameshinda. Ila siyo kila janga linafanana na mafuriko ya Msimbazi.

Chukua Morogoro, Msamvu, 10 Agosti 2019. Lori la mafuta limepinduka, watu wamekuja na madumu, moto ukalipuka, waliokufa wakapita 100. Tulisema sana siku zile kwamba ni njaa, na njaa ilikuwepo, siwezi kubisha. Lakini sio wote waliokuwa wanachota, kuna waliosimama pembeni wanaangalia, wengine wamepaki bodaboda pale pale, na mtu hasimami kuangalia kitu anachojua kitamuua. Mvuke wa petroli hauuoni, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini unakufuata mpaka uliposimama, cheche moja basi. Hiki siyo kitu mtu anajifunza kwa kuishi hapo miaka 20 kama anavyojifunza mto, lazima aambiwe. Na kumwambia hakuhitaji ukumbi, nusu saa kijiwe cha bodaboda inatosha, tena hao ndo huwa wanafika wa kwanza ajali ikitokea.

Hanang nako hivyohivyo, 3 Desemba 2023, tope na mawe vinashuka mlimani asubuhi mpaka Katesh, watu zaidi ya 80 wamekufa. Wengi wamezaliwa wanaangalia ule mlima, lakini kuujua mlima hakukuambii kwamba kipande chake kinaweza kukufuata kitandani. Kwenye maafa ya aina hii uzoefu wa mkazi haumsaidii, unaweza hata kumponza.

Alafu kuna suala la nani anafika kwanza, na hapa ndo wapinga semina huwa wananyamaza. Ndege ya Precision ilivyoanguka ziwani Bukoba, 6 Novemba 2022, ilikuwa na watu 43, walitoka hai 24, na sote tulioangalia zile video tuliona wavuvi kwenye mitumbwi yao. Tukawasifu, kijana mmoja akapewa ajira Zimamoto, tukapiga makofi. Sawa. Ila uwanja ule uko ufukweni kabisa na wavuvi hawakuhamia pale jana, hivi ingegharimu nini wawe wanaitwa kwenye mazoezi, wapewe kamba na namba ya kupiga, waoneshwe mlango wa ndege unafunguliwaje? Walikufa 19. Sisemi wote wangepona, nasema ushujaa wa mtu aliyekutwa kazini kwake tumeugeuza kuwa mpango wa nchi.

Wanaotetea semina hupenda kutoa mfano wa Bangladesh na ni mfano mzuri. Kimbunga cha 1970 kiliua watu wasiopungua 300,000 kule, baadaye wakajenga jeshi la wanavijiji wa kujitolea, wanapita na vipaza sauti na bendera nyumba kwa nyumba, na kimbunga Sidr cha 2007 kikaua zaidi ya 3,000, bado wengi sana lakini linganisha mwenyewe. Kitu wanachosahau kusimulia ni majengo. Yule mwenye kipaza sauti ana sehemu ya kukuelekeza, jengo la zege juu ya nguzo. Ukichukua mafunzo ukaacha jengo umechukua kelele tu.

Kuhusu posho nina neno moja na najua sitapendwa. Posho siyo dhambi. Mama wa vitumbua akikaa ukumbini siku mbili amepoteza siku mbili za biashara, mlipe. Tatizo ni kwamba huyo mama hayupo kwenye orodha, orodha ina mtendaji, wajumbe, na watu walewale waliohudhuria ya kipindupindu mwaka juzi. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imeweka kamati mpaka ngazi ya kijiji na mtaa, kwenye karatasi tuko vizuri sana, sasa jaribu kuuliza mtaani kwako nani yumo kwenye hiyo kamati.

Kwa hiyo nikipimwa niko upande gani, niko upande wa semina, ila nusu ya zilizopo ningezifuta. Za kumweleza mtu wa bondeni kwamba mvua inanyesha, futa, hela hiyo inunue kamba, tochi na maboya. Za petroli, za umeme kwenye maji, za kumtoa mtu chini ya kifusi bila kummalizia, hizo ziongezwe na zifanyike kijiweni, sokoni, mwaloni, tena usiku mara moja moja, maana maji hayasubiri saa tatu asubuhi.

Ya mwisho niliyohudhuria tuliambiwa mvua ikizidi wote tukimbilie shule ya msingi, ipo mwinuko. Tukapiga makofi. Mzee mmoja nyuma akanyoosha mkono akauliza ufunguo wa madarasa anakaa nao nani usiku. Ikaonekana anao mlinzi, na mlinzi anaishi ng'ambo ya mto. Mratibu akasema swali zuri sana, ataliingiza kwenye ripoti.