Jino la kupandikizwa nalo linataka matunzo
Kuna mwandishi aliyeandika kwamba jino la kupandikizwa halitoboki, kwa hiyo ukishawekewa umemaliza kazi. Hapo naomba nipinge. Skrubu ya titani, yaani ile ya chuma inayopachikwa mfupani kushikilia jino hilo, haiozi, kweli, lakini fizi na mfupa unaoishikilia ni vyako, na vinaugua. Uchafu ukiganda pembeni, fizi huvimba, mfupa ukaliwa taratibu, na mara nyingi husikii maumivu yoyote mpaka skrubu ianze kulegea. Mama yangu alipoteza lake hivyo, baada ya kusubiri miezi mitano mfupa ushikane nalo. Iliniuma sana. Wavutaji sigara na wenye kisukari kisichodhibitiwa wamo hatarini zaidi. Tafadhali, pigeni mswaki, pitisheni uzi katikati ya meno, na mrudi kwa daktari alikague jino hilo hata kama hamsikii kitu.