Waliokufa bila kuandikwa nao wahesabiwe

Kila redio inapotangaza idadi ya raia waliouawa vitani, iwe Sudan au Gaza, vijiwe vya Ngamiani, hapa Tanga, hugawanyika. Wapo wanaosema tarakimu isiyo na majina ni ya kubuni: leteni orodha tuone nani kafa na kafia wapi. Wapo wanaoipokea namba yoyote alimradi ni kubwa. Wanaodai majina wana hoja ya maana, nami nitaifikia. Ila wafanya makadirio wanaonewa mno katika ubishi huu, na Tanga ilipaswa kuwa mji wa mwisho kuwaonea.

Novemba 1914 jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India, askari wapatao 8,000, lilipigwa hapa Tanga na kikosi cha Wajerumani cha watu wapatao 1,000. Waliouawa upande wa Waingereza hutajwa kuwa 360. Inajulikana kwa sababu kila askari alikuwa na kikosi chake, namba yake na mshahara wake. Vita hivyo, Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia, vikaendelea miaka minne, na vilibebwa vichwani: unga, risasi, machela za majeruhi. Waingereza peke yao walichukua wapagazi karibu milioni moja, wengi kwa kuwakamata vijijini, na waliokufa hukadiriwa kufikia 95,000, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Upande wa Wajerumani kumbukumbu za wapagazi ni haba kabisa.

Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, waliokufa wakiwatumikia Waingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapo wanaoicheka tofauti hiyo: hesabu gani inapishana kwa watu 234,000? Mimi naona upana ule ndio ukweli wenyewe. Unapima ukubwa wa yale ambayo karani hakuyaandika. Anayekataa kila kifo kisicho na jina anamwachia mwenye daftari aamue nani alikufa.

Nayo makadirio mazuri si ramli. Chukua diko la Deep Sea asubuhi. Mtu mmoja anaandika namba za ngalawa zinazotia nanga, mwingine, bila kushauriana naye, anaandika zilizoleta samaki mnadani. Wa kwanza ana 60, wa pili ana 50, na 30 zimo kwa wote wawili. Basi huyu wa pili amekuta 30 kati ya zile 60, yaani nusu; kwa hiyo 50 zake nazo ni kama nusu ya zote, na zote ni kama 100. Walizoziona ni 80. Ishirini zimewapita, na tumezijua bila kuziona. Wakiandika huku wanachunguliana, hesabu inaharibika, ndiyo maana wataalamu hutumia muda mwingi kuchunguza nani alinakili kwa nani. Kwa njia ya namna hiyo Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema mwaka 2022 kwamba raia 306,887 waliuawa Syria kati ya Machi 2011 na Machi 2021. Walioandikwa mmoja mmoja ni 143,350.

Sasa upande wa pili. Vita vya Bosnia vilitajwa kwa miaka kuwa na maiti 200,000, mpaka kituo kimoja cha Sarajevo chini ya Mirsad Tokača kilipokusanya majina na mwaka 2007 kutangaza 97,207. Orodha iliondoa chumvi, namba ikashuka kwa nusu. Na Iraq ni mbaya zaidi kwa hoja yangu: utafiti wa 2006 uliotembelea kaya 1,849, ukakadiria nchi nzima kutokana nazo, ulitoa vifo vya ghasia 601,027, ule wa Shirika la Afya Duniani na serikali ya Iraq, kwa kaya 9,345 na kipindi kilekile, ukatoa 151,000. Mtafiti mkuu wa ule wa kwanza alilaumiwa hadharani mwaka 2009 na chama cha watafiti wa maoni cha Marekani kwa kukataa kueleza alivyofanya kazi. Hapo wanaodai majina waliguna kwa haki. Lakini ile 200,000 ya Bosnia haikutokana na sampuli. Ilikuwa namba ya wakati wa vita. Na kilichoirekebisha Iraq ni makadirio mengine yaliyo bora.

Tarakimu inayonisumbua ni ya Kongo: vifo milioni 5.4 kati ya 1998 na 2007, kwa hesabu ya shirika la misaada, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji. Wengi hawakupigwa risasi. Waliuawa na malaria, kuhara na utapiamlo katika nchi iliyoporwa zahanati zake. Kuwapata, lazima uondoe wale ambao wangekufa hata kungekuwa na amani, nayo kamati ilichukua wastani wa Afrika kusini mwa Sahara: vifo 1.5 kwa kila watu 1,000 kwa mwezi. Watafiti wa Kanada wakapinga: Kongo ilikuwa hoi kabla ya vita. Weka 2.0, na kwa miaka ya 2001 hadi 2007 vifo milioni 2.8 vya kamati vinashuka chini ya 900,000. Nusu mtu kwa elfu kwa mwezi imefuta karibu milioni mbili!

Hilo linatisha, na sitaki kulipunguza. Ila kosa liliweza kuonekana kwa sababu kamati iliiweka wazi ile 1.5. Na mtoto aliyekufa kwa kuhara porini, wazazi wakikimbilia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma, hayumo katika orodha ya waliouawa, uchague wastani wowote.

Ningependa redio zetu zisome ncha zote mbili za makadirio, ya chini na ya juu, na zitaje ni kaya ngapi zilibishiwa hodi. Kwa wapagazi, majina bado yanasakwa katika madaftari ya zamani. Kila litakalopatikana liandikwe, na ile 350,000 isiondolewe mezani kwa sababu tu daftari zimekwisha.